Telefoni Mbili na Usukani Mmoja

Duka la Emérance liko Kikula, mjini Likasi, kwenye njia inayopanda kutoka sokoni. Watu huenda pale kuchapisha barua za kuomba kazi, kutoa fotokopi za kadi zao na kununua vocha. Ana kompyuta moja, printa moja yenye tabia ya kutafuna karatasi, na skrini kubwa aliyoachiwa na jirani aliyehamia Kolwezi. Mchana, wateja wanapopungua, kompyuta hiyo hugeuka uwanja wa michezo. Vijana wa mtaa huja kucheza mpira na mbio za magari.

Shida ilikuwa manette, vile vidude vyenye vitufe ambavyo mchezaji hushika mikononi. Alizokuwa akiagiza kutoka Lubumbashi hazikudumu. Kitufe kinazama hakirudi, kijiti cha kuongozea kinalegea, waya unakatika shingoni. Siku moja Emérance akagundua kwamba telefoni inaweza kufanya kazi hiyohiyo. Aliweka programu ndogo kwenye kompyuta na nyingine kwenye telefoni yake, akawasha Wi-Fi ili viwili hivyo vionane, na kioo cha telefoni kikachora vitufe vyote. Ukiinamisha telefoni kushoto, gari kwenye skrini linakwenda kushoto. Ukigusa kitufe cha kijani, linaongeza mwendo. Hakukuwa na waya wowote wa kukatika. Vijana walipiga kelele, na Emérance akatembea mtaani siku kadhaa kidevu juu.

Kaka yake Ghislain alikuwa akiyaona yote hayo kutoka kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango. Alikuja kila mchana, akakaa, akaangalia, akarudi nyumbani kwa mkewe Cathy. Hakuwa na kazi nyingine.

Zamani Ghislain alikuwa dereva wa lori. Alibeba mawe ya madini kutoka Kamatanda, alibeba unga na simenti, na barabara ya Lubumbashi aliijua kona kwa kona. Baba yao, mzee Evariste, karani mstaafu ambaye babu yake aliletwa kutoka Kasaï kuchimba shaba, alikuwa na desturi ya kusimama mbele ya nyumba lori linapopita na kuwaambia waliokuwepo, "Ule njo chauffeur wangu," yaani yule ndiye dereva wangu. Kisha siku moja, upande wa Buluo, breki ziliachia kwenye mteremko. Ghislain aliliingiza lori kwenye ukingo wa udongo badala ya kuliacha liende chini kwenye watu, na lilipolala ubavu, mlango uliubana mkono wake wa kulia. Hospitalini waliukata juu kidogo ya kiganja.

Tangu hapo alivaa mikono mirefu hata kwenye joto la Oktoba, na mkono wa kulia wa shati aliukunja na kuubana kwa pini ili pasionekane kitu. Mzee Evariste naye aliacha kuzungumza habari za malori. Lori likipita, aliingia ndani.

Mchana mmoja mvua kubwa iliwazuia vijana kuja. Duka lilikuwa tupu. Mchezo wa magari ulikuwa umeachwa wazi kwenye skrini, gari jekundu likingoja kwenye mstari wa kuanzia.

"Yaya, jaribu," Emérance alisema, akimwita hivyo kama kaka yake mkubwa, akimnyooshea telefoni yake.

"Minye siko mutoto," Ghislain alijibu, akijigusa kifua.

"Nani alisema uko mutoto? Kila siku batoto iko nacheza, weye uko nasema pale chini ya pua: 'Huyu anaingia mubaya, huyu atapinduka.' Nakusikiaka. Bon, tuonyeshe."

Ghislain alisogeza kiti karibu na skrini. Mvua iligonga mabati. Mwishowe akaichukua telefoni kwa mkono wa kushoto, akaiinamisha, na gari likaondoka.

Lilikwenda vibaya. Mkono mmoja ulitakiwa kushika, kuinamisha, kuongeza mwendo na kufunga breki, vyote kwa pamoja, na kidole gumba hakikufika kote. Gari liligonga ukuta, likarudi barabarani, likagonga tena. Emérance alidhani ataitupa telefoni na kuondoka. Lakini Ghislain aliiweka mezani polepole, akautazama mkono wake wa kulia kwa muda, halafu akaifungua pini ya shati.

"Fungia hapa," alisema.

Emérance hakuwa ameuona ule mkono tangu hospitalini. Kovu lilikuwa limepona vizuri na ngozi ilikuwa laini. Alijizuia asitoe machozi, kwa sababu alijua akilia pini itarudi mahali pake na mambo yataishia hapo. Alitafuta bandeji ya mpira kwenye droo, akaifunga telefoni juu ya mkono wa kaka yake, kioo kikiwa juu.

"Inabana?"

"Haibane. Kaza kidogo."

"Na vitesse? Na frein?"

"Leta telephone yangu. Hii ingine itafanya volant tu. Ile ya kushoto itakuwa pedale."

Telefoni moja ya usukani, nyingine ya mwendo na breki: hilo Emérance hakuwa amelifikiria. Aliunganisha telefoni ya pili na kompyuta, akafuta vitufe vyote vidogo kwenye kioo chake, akabakiza viwili vikubwa, kijani cha mwendo na chekundu cha breki. Kisha ikabidi aifundishe ile ya kwanza mahali ambapo ni katikati, kwa sababu mkono wa Ghislain ulipotulia haukulala sawa na meza. Walirekebisha, wakajaribu, gari likavutwa kulia, wakarekebisha tena.

Halafu likaenda sawa.

Emérance anasema mpaka leo kwamba hakuitazama skrini. Alimtazama kaka yake. Mgongo ulikuwa umenyooka, bega la kulia likishuka na kupanda kidogo kwenye kila kona, na macho yalikuwa mbali, mbele ya gari, mahali dereva anapotazama. Alipomaliza mzunguko alianza mwingine. Mvua ilikatika, mteja mmoja akaingia kutoa fotokopi, na Ghislain hakuuficha mkono wake kwa sababu alikuwa amesahau kwamba anao wa kuficha.

Kuanzia siku hiyo alikuja asubuhi, kabla ya vijana, akacheza mpaka duka lilipopata watu. Mbele ya watu hakucheza. Pini ilirudi, naye akarudi kwenye kiti cha plastiki.

Wakati huohuo kijana mmoja anayeitwa Gracien, kiongozi wa vijana wa kanisa moja huko Panda, alitangaza mashindano ya mbio za magari kwenye kompyuta. Yangefanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa, kila commune ya Likasi, yaani kila kata ya mji, ilete wachezaji wake, na kila mchezaji aje na manette yake. Emérance aliandikisha jina la kaka yake bila kumwuliza. Alipomwambia kwamba watu watakuja kumtazama, Ghislain alisimama ghafla kiti kikaanguka.

"Unataka bantu bakuye kuangalia kilema?"

"Nataka bakuye kuangalia chauffeur."

"Chauffeur! Papa mwenyewe hasemi tena ile neno. Tangu accident, hata siku moja. Iko na haya juu yangu, Emé. Weye hauone? Camion ikipita, anaingia mu nyumba."

Akaondoka. Emérance alifunga duka mapema, jambo ambalo hafanyi, akaenda moja kwa moja kwa baba yao. Alimkuta mzee Evariste kwenye baraza akichambua maharage.

"Papa, uko na haya juu ya yaya Ghislain?"

Mzee aliinua kichwa. "Nani alisema vile?"

"Yeye mwenyewe."

Mzee Evariste aliliweka bakuli la maharage chini. Alikuwa mtu wa kunyoosha kola kila asubuhi, na sasa aliinyoosha tena.

"Haya?" alisema. "Minye naingia mu nyumba sababu sitaki aone namna niko naangalia ile camion na uchungu. Nilifikiri nikisema neno chauffeur, nitamuumiza. Basi nilinyamaza." Akapangusa mikono yake kwenye suruali. "Ile mashindano iko siku gani?"

"Samedi. Lakini Papa, usimuambie minye nilikuya hapa."

"Sitamuambia kintu. Nitakuya tu."

Cathy ndiye aliyemaliza kazi. Usiku ule hakubishana na mumewe wala kumbembeleza. Alimwambia kwamba amekwisha kupiga pasi shati lake la buluu, lile la mikono mifupi, na kwamba yeye na watoto watakwenda Panda Jumamosi hata kama mumewe hatakwenda. Ghislain alikwenda.

Ukumbi ulijaa. Madawati yalikuwa yamesogezwa ukutani, picha kutoka kwenye kompyuta ilitupwa juu ya shuka jeupe lililotundikwa mbele, na watoto walikaa chini hadi miguuni pa wachezaji. Bingwa alijulikana kabla ya kuanza. Alikuwa Samy, kijana mrefu wa hapohapo Panda, mwenye manette nyeusi aliyoifungia kwenye mfuko wa kitambaa. Alikuwa mchezaji mzuri na alijua hivyo.

Emérance alipokwisha kuweka programu yake kwenye kompyuta ya ukumbi na kuanza kumfungia Ghislain telefoni mkononi, minong'ono ilipita ukumbini. Samy akainuka.

"Gracien, pardon. Sheria, règlement, inasema manette. Ile haiko manette. Ile ni telephone, inafanya mambo yake yenyewe. Atatushinda na programme, siyo na mikono yake."

Alipolisikia neno lake mwenyewe, mikono, aliona aibu, lakini lilikuwa limekwisha kutoka. Emérance alifungua kinywa, na Ghislain akamgusa bega ili amwachie yeye.

"Petit," alimwambia Samy, kama mtu anavyomwita mdogo wake, bila hasira, "kama hii telephone inaendesha yenyewe, kuya uijaribu. Vaa weye."

Samy alikuwa na kiburi cha kutosha kukubali. Emérance alimfungia telefoni ileile, akampa ya pili mkono wa kushoto. Gari la Samy liliondoka, likapita kona ya kwanza kwa shida, likapanda juu ya majani, likageuka na kurudi lilikotoka. Watoto walianguka kwa kicheko. Samy naye alicheka, akatikisa kichwa, akaifungua bandeji mwenyewe.

"Apana," alisema. "Muntu anaendesha na hii, amefundishwa. Minye nakubali."

Gracien akachukua mikrofoni na kutangaza kwamba manette ni kile mchezaji anachochezea, basi.

Raundi za kwanza Ghislain alizipita. Hakuwa na haraka. Wengine walikimbia kwa nguvu na kugongana kwenye kona, naye alipita kati ya mabaki yao. Mchezaji wa Shituru alimpa tabu kidogo. Wa Likasi ya katikati hakumpa hata hiyo. Kila alipomaliza, watu zaidi walisogea mbele kutazama ule mkono ukiinama na kuinuka. Mwanzoni walitazama mkono. Baadaye walitazama gari.

Fainali ilikuwa yeye na Samy, mbio tatu.

Katika ile ya kwanza mambo yaliharibika. Ghislain aliinamisha mkono, na gari likangoja kabla ya kutii. Kidogo tu, muda wa kupepesa jicho, lakini kwenye kona ulitosha kulipeleka ukutani. Alijaribu kuwahi, akawahi mno. Samy alimaliza mbele kwa mbali, na washabiki wa Panda wakashangilia.

"Haisikie," Ghislain alimwambia dada yake kwa sauti ya chini. "Nageuza, haisikie."

Emérance aliangalia vifaa vyake. Betri zilikuwa sawa na programu ilikuwa sawa. Kisha akageuka akautazama ukumbi, na akaelewa. Kila mtu alikuwa ameinua telefoni kupiga picha. Wengine walikuwa wamewasha Wi-Fi zao kuwagawia wenzao, watume video palepale. Ishara zote hizo zilikuwa zinasongamana hewani na ile ya telefoni za Ghislain, na ya kwake ilikuwa inafika imechelewa.

Alikwenda kwa Gracien akamweleza kwamba mtandao umejaa. Gracien alikuna kichwa. Kusimamisha fainali kwa ajili ya mchezaji mmoja halikuwa jambo dogo, tena mchezaji mgeni dhidi ya kijana wa nyumbani. Lakini alishika mikrofoni.

"Ba frères na ba sœurs, réseau imejaa. Matelephone yetu iko nazuia manette ya huyu monsieur. Naomba tutie yote mode avion, tukate réseau, mpaka mwisho. Hakuna wa kulazimisha. Naomba."

Hakuna aliyesogea. Wachache walitazamana. Halafu Samy, akiwa bado kwenye kiti chake, alitoa telefoni yake mfukoni, akaigusa, akaiinua juu ili wote waone kioo chake.

"Yangu imekatika," alisema. "Sitaki bantu baseme nilimushinda na réseau. Kateni!"

Mkono mmoja ukainuka nyuma, kisha mwingine, kisha ukumbi mzima ukawa na telefoni juu. Na kule mlangoni, akiwa amevaa koti lake la Jumapili na kofia mkononi, mzee Evariste alikuwa ameinua kitelefoni chake kidogo cha vitufe, ambacho hakijawahi kuwa na Wi-Fi tangu kitengenezwe. Ghislain alimwona. Walitazamana juu ya vichwa vya watu, na mzee akaendelea kushikilia kitelefoni kile juu hata baada ya wengine kushusha.

Mbio za pili Ghislain alishinda. Gari lilitii kabla mkono haujamaliza kuinama, na Samy, ingawa alijitahidi, hakumpata tena baada ya nusu ya njia.

Ya tatu, kompyuta yenyewe ilichagua mvua. Barabara kwenye shuka jeupe ilikuwa inang'aa, na maji yaliruka nyuma ya magurudumu. Samy alitoka kwa kasi akachukua nafasi ya mbele. Ghislain alikaa nyuma yake. Watu walimpigia kelele aongeze mwendo, hata Cathy alisimama juu ya benchi akipiga kelele, lakini yeye aliondoa kidole kwenye kijani mapema kabla ya kila kona, gari likapita taratibu, kisha akaongeza tena barabara iliponyooka. Katika mvua ya Kapolowe, njia ya Lubumbashi, alikuwa ameendesha lori lenye tani za simenti mgongoni. Alijua barabara yenye maji haisamehe.

Katika kona ndefu ya mwisho Samy aliingia kwa mwendo aliozoea. Gari lake liliteleza, mkia ukaja mbele, likazunguka mara moja likasimama kwenye majani. Halikuvunjika, na Samy alilirudisha barabarani haraka, ila Ghislain alikuwa amekwisha pita. Bega la kulia lilishuka kidogo, likapanda, na gari jekundu likavuka mstari peke yake.

Kelele zilizolipuka ukumbini ziliwaamsha watoto wachanga migongoni mwa mama zao. Samy aliweka manette chini, akaja, akasita mbele ya Ghislain bila kujua ashike mkono gani. Ghislain alimpa wa kulia, telefoni ikiwa bado imefungwa juu yake, na Samy akaushika kwa mikono yake miwili.

"Grand, ile kona ya mvua, utanifundisha?"

"Kuya Kikula. Asubuhi."

Mzee Evariste alichukua muda kufika mbele, kwa sababu alisimama kwa kila mtu aliyekutana naye. Emérance alimsikia kabla hajamwona. Alikuwa akizungumza kwa sauti ya karani anayesoma tangazo.

"Ule njo mutoto yangu. Ndiyo, ule wa shati ya bleu. Ni chauffeur. Minye njo baba yake."

Alipofika kwa Ghislain alimnyooshea kola ya shati, pale ambapo haikuhitaji kunyooshwa, akaacha kiganja chake shingoni mwa mwanawe.

"Nilinyamaza mubaya," alisema.

"Papa, nilisikia mubaya," Ghislain alijibu.

Emérance aliwatazama, akakaa chini sakafuni kati ya watoto. Mmoja wao alimwuliza kama ni kweli yeye ndiye aliyetengeneza ile manette. Alitaka kusema kwamba hapana, programu imetengenezwa na watu wa mbali, na wazo la telefoni ya pili lilikuwa la kaka yake. Badala yake alisema, "Ndiyo. Ni minye," na hakujuta.

Jumatatu duka lilipata foleni. Shule moja ilikuwa imewaagiza wazazi walete fotokopi, na wazazi walikuwa wamejipanga hadi nje. Kompyuta haikuwa huru. Mbele yake alikaa mzee Evariste, koti limetundikwa mgongoni mwa kiti, telefoni mikononi, akiendesha gari jekundu moja kwa moja ndani ya ziwa. Ghislain alisimama nyuma yake.

"Papa, kushoto. Kushoto! Ile ni kulia."

"Najua kushoto ni wapi. Ni gari haijue."

Mama mmoja kwenye foleni alipoteza uvumilivu. Aliuliza kama hapa ni duka au nyumba ya michezo, na wale wababa wawili wanafanya nini na mashine ya watu.

Emérance alipanga karatasi zake bila haraka.

"Mama, ngoja kidogo," alisema. "Yaya yangu iko nafundisha baba yetu kuendesha."